Hakikisha kuna anayekusubiri: saa ndefu kati ya KIA na Moshi

Ukipanda basi Mwanza kwenda Bukoba, kuna mtu kule Bukoba anaangalia saa. Basi likichelewa anapiga simu, na usiposhuka anauliza kwa kondakta. Kuunganisha ndege ni habari nyingine. Umeshuka saa nne asubuhi, ndege ya pili inaondoka usiku wa manane, na katika saa hizo zote hakuna mtu anayekutarajia mahali popote. Nyumbani wanajua umeshaondoka. Huko uendako wanajua utafika kesho. Hapo katikati huna mwenyewe. Naamini hatari ya kusubiri ndege katika mji usioujua inatokana na hilo kuliko giza, na kuliko ugeni wenyewe. Anayetafuta mtu wa kumwibia au kumdhuru humtafuta ambaye hataulizwa hadi kesho.

Mimi ni mfanyabiashara wa nguo Mwanza, na mzigo wangu nauchukua Istanbul. Tiketi inayonifaa mara nyingi ni ya kupitia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro: asubuhi nafika kutoka Mwanza, naondoka usiku mkubwa. Kurudi ni vilevile kwa kugeuza, natua usiku mkubwa na kungoja ndege ya Mwanza mchana. Kwa hiyo kusubiri pale nimekujua kwa pande zote mbili, nikiwa mwanamke peke yangu, na wakati wa kwenda nikiwa na fedha ya mtaji.

Kwa asiyepajua, Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro umekuwepo tangu 1971 na hauko ndani ya mji wowote. Uko wilayani Hai, kwenye tambarare kavu yenye upepo na vumbi, Moshi ikiwa kilomita arobaini na kitu upande mmoja na Arusha kama kilomita hamsini upande mwingine. Ukitoka nje ya jengo hakuna mtaa wa kutembelea wala soko la kupotezea muda. Hata barabara kuu ya Arusha na Moshi iko mbali, huwezi kuifuata kwa miguu na begi. Kaunta za ndege za nje kwa kawaida zinafunguliwa kama saa tatu kabla ya safari, na kabla ya hapo huwezi kukabidhi mzigo wala kuingia ndani. Unabaki kwenye viti na mabegi yako, kutoka asubuhi hadi usiku, na kwenda msalani tu ni shughuli. Ndiyo maana wengi wetu tunaamua kwenda mjini.

Kabla sijazungumzia mji niseme kuhusu saa, kwa sababu nimeona watu wakiachwa na ndege wakiwa na afya njema na mifuko yao yote. Tiketi ikiandikwa 02:50 tarehe 15, hiyo ni saa tisa kasoro dakika kumi usiku, na usiku wenyewe ni ule unaoanza jioni ya tarehe 14. Wapo waliokwenda uwanjani jioni ya tarehe 15 wakiwa wamevaa vizuri na ndugu wa kuwasindikiza. Mimi huandika kwa mkono kwenye karatasi ninayoweka ndani ya pasi: "Jumanne usiku kuamkia Jumatano, niwe KIA saa nne usiku." Siandiki saa ya ndege. Naandika saa ninayotakiwa kuwa uwanjani, kwa maneno ambayo hata dereva akiyasoma hatauliza mara mbili. Na dereva nampa aisome.

Kuna la viwanja viwili pia. Arusha ina uwanja wake, uko Kisongo, nje kidogo ya mji ukielekea Dodoma, na ndiko zinakotua ndege ndogo za mbugani na baadhi ya zile za Zanzibar. Mtu aliyepo mjini Arusha akimwambia dereva "nipeleke uwanja wa ndege" anaweza kupelekwa Kisongo, na dereva hatakuwa amekosea chochote. Usiku mmoja tukiwa kwenye foleni KIA aliingia baba mmoja anahema, shati limelowa, koti kalishika mkononi. Alikuwa ametokea Kisongo. Alikuta kimya, geti limefungwa, akamwuliza mlinzi "Mbona hamna watu?" na mlinzi akamwonyesha upande jua linakochomoza. Ilibidi auvuke mji mzima wa Arusha, kisha Tengeru, kisha Usa River, ndipo aanze kuitafuta KIA. Safari hiyo aliwahi. Tangu siku hiyo nawaambia watu wataje jina: KIA, au Kisongo. Neno "uwanja" peke yake halitoshi.

Sasa, Moshi au Arusha? Mimi nachagua Moshi. Siisemi Arusha vibaya, ni mji mzuri na nina ndugu huko, lakini kwa mtu anayepita ni mkubwa, na njia ya kurudi ina mambo yake. Kutoka Sakina hadi Tengeru barabara ni ya njia nne na magari yanakwenda. Baada ya hapo inabana, malori na daladala yanafuatana, na siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, watu na mizigo vinajaa hadi barabarani. Moshi katikati ya mji ni padogo. Kutoka Mnara wa Saa hadi stendi ni mwendo mfupi wa miguu, mitaa imenyooka, na ukipotea unaanza tena kutoka mnarani. Mgeni anayejua alipo ana utulivu usoni, na watu wenye nia mbaya wanausoma uso kabla hawajauona mkoba.

Mtu wangu wa kwanza wa kunisubiri nilimpata Mwanza kabla ya kuondoka. Kwenye mtaa wetu kuna duka la Mchaga, kama ilivyo kwenye mitaa mingi, na sote tunamwita Mangi. Kwao ni Kibosho. Nilimwambia, "Mangi, napita kwenu, nitashinda pale kutwa nzima na simjui mtu." Akaniuliza nafika lini na kwa ndege ya saa ngapi, akapiga simu pale pale dukani, kwa Kichaga, mimi nimesimama na kilo yangu ya sukari. Kisha akanipa namba ya mtoto wa baba yake mdogo, dereva teksi Moshi. Nilipotoka nje KIA, kijana aliyekuwa amesimama pembeni akanisogelea taratibu.

"Shikamoo dada. Wewe ndiye mgeni wa Mangi?"

"Marahaba. Mangi gani?"

"Wa Mwanza, mwenye duka. Tangu jana ananipigia, ananiuliza kama nimeshaosha gari."

Hapo ndipo nikampa begi. Angalia nilivyouliza: "Mangi gani?" Sikusema "Ndiyo, mimi ndiye." Mtu akikufuata na jina, mwache alimalizie yeye. Mwenye taarifa za kweli atazitoa, na mwenye kubahatisha atakwama.

Kama huna Mangi wa kwenu, teksi za kijiwe cha uwanjani zipo na madereva wanafahamiana. Tazama kibao cha namba: gari la biashara Tanzania lina kibao cheupe, la mtu binafsi lina cha njano. Mtu akikuvuta kwenye gari la kibao cha njano akasema ni teksi, muulize kwa nini. Bei ikubaliwe kabla mlango haujafungwa, na iwe kwa shilingi. Tangu 2025 kanuni zimekataza kutoza huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, kwa hiyo anayeng'ang'ania dola anajua anachofanya. Nikishakubaliana naye napiga picha kibao cha namba, waziwazi, dereva akiniona, namtumia mdogo wangu Mwanza. Dereva mwema hakasiriki. Yule wa Moshi alicheka akasema, "Piga na mimi nionekane."

Njiani nampigia mdogo wangu kwa sauti ya kawaida. "Tumepita Boma. Nikifika Weruweru nakutumia ujumbe." Boma Ng'ombe, Kwa Sadala, Kikavu, Weruweru: majina haya niliyauliza kabla ya safari nikayaandika. Ukiyataja kwa mfuatano wake, aliyeshika usukani anajua kwamba kuna mtu mbali anayeifuata njia hii pamoja nawe. Siku hizi simu inaweza kutuma ramani ya ulipo yenyewe, na mimi naiwasha, lakini chaji inaisha na mtandao unakata. Majina hayaishi chaji.

Mjini jambo la kwanza ni kupata chumba, hata kama silali. Gesti nyingi zinakubali mtu wa kupumzika mchana. Hapo unaweka begi kubwa, unaoga, unachaji simu, na muhimu kuliko vyote, unaandikwa. Nataka niseme kidogo kuhusu kile kitabu cha wageni, kwa sababu watu wanakidharau. Wengi wanaandika jina lisilo lao, wakiona kwamba wanaepuka kuchunguzwa. Mimi nakiandika kwa wino, herufi kubwa: jina langu lote kama lilivyo kwenye pasi, natoka Mwanza, nakwenda Istanbul kupitia KIA, natoka hapa saa tatu usiku. Ikitokea neno, askari akija kuulizia mgeni aliyepotea, kitabu hicho ndicho kitakachofunguliwa kwanza. Ukiandika jina la uongo umejifuta mwenyewe kwenye mji ambao tayari haukujui.

Dada wa mapokezi nilimwomba aje kunigongea saa moja jioni. Kengele ya simu nilikuwa nayo, lakini aliyeahidi kukugongea ameshakuwa anakusubiri. Akigonga bila kuitikiwa atamwita mtu. Nilimwambia pia, "Akija yeyote kuniulizia, mwambie aache namba yake ya simu. Usimpe namba ya chumba." Akaniangalia, akatikisa kichwa polepole, akasema, "Dada, wateja wote wangekuwa hivyo ningefurahi." Chumba nilichukua cha karibu na mapokezi, kelele za watu wakipita na zote. Vile vya nyuma ni vitulivu zaidi, na mimi utulivu huo siutaki nikiwa peke yangu.

Fedha sikuiacha chumbani na sikutembea nayo yote mahali pamoja. Sehemu kubwa ilikuwa kwenye mfuko wa kitambaa nilioushona mwenyewe, unakaa chini ya nguo, na chumbani ndipo mahali pekee nilipougusa. Ya kutumia mchana ilikuwa mkobani, noti ndogo ndogo. Ukinunua chungwa ukatoa noti kubwa kutoka kwenye bunda, umeshawaambia watu wote wa pale kwamba una bunda. Kubadili dola ni benki, au duka lenye leseni ya kubadilisha fedha, uingie ndani. Kijana anayekuita kando kwa bei nzuri kuliko ya benki ana vidole vyepesi vya kuhesabu, na ukija kugundua ameshapotelea sokoni. Kwa wakala wa simu, ingiza namba ya siri mwenyewe hata kama anaharakisha, hata kama foleni inanung'unika.

Pasi ya kusafiria inakaa mwilini pamoja na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo wengi wanaisahau nyumbani. Ukirudi Tanzania ukiwa umekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye hatari ya homa ya manjano, mfano Ethiopia au Kenya, unaweza kuulizwa cheti cha chanjo. Tangu 2016 chanjo moja inatambulika kwa maisha yote, lakini lazima uwe umechoma siku 10 kabla. Kuhangaika na hilo usiku, kaunta imejaa na wewe umechoka, ndiko kunakofungua mlango kwa watu wa "nikusaidie dada."

Mchana nakula kwa mama lishe mmoja karibu na soko, na narudi hapo hapo jioni. Sitafuti pazuri zaidi. Mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi la ukutani, mgongo kwenye ukuta, mkoba magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtori upo, na ndizi nyama. Umetoka mbali?"

"Mwanza, mama. Usiku napanda ndege KIA."

"Usiku! Basi rudi jioni ule kabla hujaondoka, ndege wanakupa vitu havishibishi. Nitakuwekea."

Mtori ule ulikuja wa moto, mzito, mfupa wa nyama umesimama katikati ya bakuli, na pilipili pembeni kwenye kisosa. Lakini ninachotaka mkione ni hilo neno "nitakuwekea." Jioni asiponiona atauliza, hata kama ni kujiuliza mwenyewe tu. Baadaye alikuja kijana akakaa karibu, akaanza maswali: uko na nani, umefikia wapi, unakwenda lini. Kabla sijajibu, mama yule alimgeukia na mwiko mkononi: "Wewe, agiza au upishe." Akapisha. Mtu uliyemsalimia vizuri na kumwambia habari zako za kweli kiasi fulani anakuwa macho yako ya pili. Mji haujawahi kumlinda mtu aliyeupita kimya.

Chakula na kinywaji vya kupewa sichukui, hata viwe kwa upendo. Habari za watu kuwekewa dawa kwenye soda au biskuti ndani ya mabasi tumezisikia sote, na walioamka bila kitu wengi walikuwa wamepewa na mtu waliyeongea naye vizuri. Soda ifunguliwe mbele yangu. Nikiinuka kwenda msalani nikarudi, ile iliyobaki siinywi tena. Kukataa si lazima kuwe kwa ukali: "Asante kaka, nimefunga," au "tumbo halijatulia," yatosha. Mbege nayo ina siku yake, na siku hiyo si ile unayongoja ndege.

Wapiga debe wa stendi, Moshi na Arusha, kazi yao ni kukushika kabla hujaamua. Mmoja anashika begi, mwingine anauliza "Dar? Tanga? Arusha hii inatoka!" na wa tatu yuko nyuma yako. Wengi wao ni vijana wanaotafuta riziki ya halali na hawana shida na wewe. Lakini katika msukumano huo ndipo mkono usiojulikana unapoingia mkobani. Jibu langu ni moja, nalisema nikitembea: "Nasubiriwa, kaka." Na ni kweli, nasubiriwa. Nimegundua kwamba mtu aliyesema uongo anaisema sentensi hiyo huku akiangalia chini, na wao wanajua. Simu siitoi kando ya barabara. Nikihitaji kupiga naingia dukani, kwa sababu pikipiki mbili zikikupita na simu sikioni, ya pili inaweza kuondoka nayo.

Naondoka Moshi saa tatu usiku ingawa ndege ni karibu saa tisa. Watu wananiambia ni mapema mno. Barabara ile usiku ina malori, ina mteremko wa Kikavu, na miezi ya masika ina mvua inayoziba kioo. Gari likiharibika saa tatu utapata lingine. Likiharibika saa sita usiku, umesimama gizani na mabegi. Nikishafika uwanjani nakaa chini ya taa, karibu na familia au na kina mama wa usafi, nawasalimu, nawaambia ndege yangu. Khanga natembea nayo: upepo wa pale usiku ni mkali, na ncha yake naifunga kwenye mkanda wa begi kisha kwenye mguu wangu. Nikisinzia, begi likivutwa naamka nalo.

Kurudi ndiko kugumu zaidi. Ndege inatua usiku mkubwa, wapanda mlima na watalii wanapokewa na makampuni yao yenye mabango ya majina, na ndani ya nusu saa ukumbi unakuwa mtupu. Usiku kama huo, kwenye foleni ya uhamiaji, alikuwepo msichana wa baibui jeusi, begi lake limezungushiwa kamba ya plastiki, jina lake limeandikwa juu kwa kalamu nene. Alikuwa anarudi kutoka kazi za ndani Uarabuni. Tulipotoka nje nilimwona amesimama na simu yenye laini ya huko alikotoka, haishiki mtandao. Mwanamume mmoja, shati safi, sauti ya upole, alikuwa ameshafika kwake.

"Singida? Mimi mwenyewe naelekea huko alfajiri. Gari ipo, nafasi ipo, hutalipa kitu. Tukapumzike kwanza Boma."

Saa nane usiku. Kutoka KIA hadi Singida ni safari ya saa nyingi, na msichana hakuwa na mtu aliyejua kwamba ametua. Aliwaambia nyumbani atafika "wiki hii" ili awashtukize. Miguu yangu ilikwenda kabla sijapanga la kusema.

"Mdogo wangu, mbona umekaa mbali? Njoo tukae huku, kuna baridi."

Yule bwana akaniangalia. "Mnafahamiana?"

"Tumetoka wote," nikamjibu, na ilikuwa kweli, tulikuwa ndege moja.

Msichana akaja. Mikono yake ilikuwa ya baridi, nikaihisi nilipompokea begi. "Shikamoo mama," akasema, na sauti ikakatika. Nikampa simu yangu. Namba pekee aliyoikumbuka kichwani ilikuwa ya baba yake mdogo, ameibeba tangu shuleni. Iliita mara ya kwanza ikakatika. Ya pili akapokea mzee mwenye usingizi, na alipojua ni nani anaongea akapiga ukelele hadi nikausogeza mbali mkono wenye simu. Nikaweka sauti ya juu makusudi. "Uko wapi? Uko na nani? Usiondoke hapo! Mpe huyo mama nizungumze naye!" Nilipoinua macho, bwana wa shati safi alikuwa ameshageuka, anatembea kuelekea maegesho. Nia yake siijui, na pengine alikuwa na gari la Singida kweli. Ila mtu mwenye lifti njema angesubiri aagane na mzee.

Tulikaa pamoja hadi kukapambazuka, yeye amelalia bega langu, khanga yangu imetufunika wote wawili. Alfajiri baba yake mdogo alituma nauli kwenye simu yangu, nikampa taslimu, maana yeye alikuwa na dola tu na benki hazijafunguliwa. Dereva wangu wa Moshi akatupatia mwenzake wa kijiwe cha uwanjani, namba ya gari tukaituma Singida, na mwenzake huyo akampeleka stendi ya Arusha akamkabidhi kwa kondakta wa basi kwa jina. Jioni nikiwa Mwanza nikapigiwa: ameshuka, wako naye, wanamlazimisha kula.

Kinachoniuma ni wasichana wengi kama huyo wanaorudi bila kusema ili wafurahishe wa nyumbani. Furaha ya kushtukiza ni tamu, lakini ianzie mlangoni. Mpaka hapo pawe na mtu mmoja, hata rafiki tu, anayejua ndege na saa. Wazazi nao wafundisheni watoto namba moja ya kukariri, maana simu ikizima majina yote yanazima nayo. Ya polisi ya dharura ni 112, hiyo ikaririwe pia.

Mwezi ujao mdogo wangu ndiye anayekwenda kuchukua mzigo badala yangu, mara yake ya kwanza. Nimempeleka dukani kwa Mangi akamwona uso, nimempa namba ya dereva, majina ya njia kutoka KIA hadi Moshi, na jina la mama wa mtori. Karatasi ya saa tumeiandika pamoja. Na tumekubaliana ujumbe wa kwanza autume akiwa bado Mwanza, kabla ya kupanda ndege, ili mimi na dereva tuanze kumsubiri kabla hajatua.